Barua kwa mwanangu Rehema: wale panya waliokufa

Mwanangu Rehema,

Hujambo mama? Sisi huku hatujambo, mvua tu ndiyo imetuzidi.

Umeniuliza: panya watatu mliowapa dawa mnayoijaribu maabara wamekufa, damu inaonyesha figo zilishachoka, sasa mtaalamu wa patholojia, yule wa kupasua mzoga na kuchunguza viungo kwa darubini, alipwe kwa kazi gani wakati jibu mnalo? Hamnalo, mwanangu. Damu imekuambia figo zinaumwa. Haijasema zimeumizwa na nini. Panya dume akizeeka, figo zake huharibika zenyewe bila kupewa chochote. Tena mnawanywesha kwa mrija: dawa ikipotea njia ikaingia mapafuni, panya atakufa kwa mapafu, nawe utaandika kuwa dawa ni sumu.

Kumbuka kisa cha sakarini, ile ya kutia utamu badala ya sukari. Miaka ya 1970 panya dume waliolishwa sakarini kwa wingi walipata saratani ya kibofu, na mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikataka kuipiga marufuku. Bunge likazuia, ila pakiti zikawekwa onyo. Fumbo lilifunguliwa na watu waliokaa na kibofu chenyewe chini ya darubini, na mkojo wake pembeni. Kwa dozi kubwa namna ile, mkojo wa panya dume hufanya chembechembe za kalisi na fosfeti. Zinakwaruza utando wa kibofu, utando unajiotesha upya, unakwaruzwa tena, mpaka seli zinaota ovyo. Mkojo wa binadamu hauko hivyo. Mwaka 2000 sakarini ikatolewa kwenye orodha ya Marekani ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, onyo nalo likafutwa. Uvimbe ulikuwepo kweli, sikatai. Hukumu ndiyo iliyotangulia ushahidi.

Hilo la kuwagandisha hao panya kwenye friza limeniudhi kidogo. Mzoga wa kuchunguzwa haugandishwi: barafu hupasua seli, na msomaji wa slaidi hatajua lipi la ugonjwa, lipi la friza yako. Uweke kwenye friji ya kawaida, upasuliwe siku hiyohiyo, maana utumbo na kongosho havingoji. Vipande visizidi unene wa milimita 5, fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, iwe mara 10 ya nyama. Wale wasiopewa dawa nao wapasuliwe vilevile.

Hao watatu usiwatupe. Wapeleke, ila sema wazi kwamba waligandishwa. Na huyo mtaalamu mwiteni kabla hamjaanza awamu ya pili ya majaribio. Pesa zikipungua, punguzeni vipimo vya damu vinavyojirudia.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako