Wakala wangu anapeleka nusu ya oda

SWALI: Shikamoo dada. Mjomba ana duka la kanga za jumla Mtaa wa Uhuru, nami nimemtengenezea wakala wa akili mnemba wa kupokea oda za WhatsApp. Nimempa zana tatu, yaani kazi za programu anazoweza kuziita mwenyewe: tafuta, pata_data na weka_oda. Nikizijaribu mwenyewe zote zinafanya kazi. Lakini mteja wa Mbagala aliagiza kanga 20, akapelekewa vipande 20, yaani doti 10. Mwingine alitaka mzigo saa nne, wakala akaandika 04:00. Je, nihamie modeli ya bei kubwa zaidi?
Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pesa hiyo iache mfukoni kwanza. Kwenye maelezo uliyonitumia, weka_oda ina maneno mawili tu: "Huweka oda." Tatizo linaanzia hapo.

Modeli, yaani ile akili mnemba inayomwendesha wakala, haioni msimbo wa programu ulioandika. Inaona jina la zana, maelezo yake, na vipengele vya kujaza. Ndivyo ilivyo tangu OpenAI, kampuni ya ChatGPT, walipowafungulia waandishi wa programu njia hii ya kuipa modeli zana Juni 2023, na MCP, utaratibu wa pamoja wa kuunganisha modeli na zana ambao kampuni ya Anthropic iliutoa Novemba 2024, ina sura hiyo hiyo. Kwa hiyo kipengele chako cha "idadi" kikisema tu kwamba kinataka namba, wakala anajaza 20 na kuendelea. Mjomba wako angeuliza papo hapo: doti au kipande? Swali hilo limo kichwani mwake siku zote, ila hukuliandika popote.

Liandike. Mimi ningeanza hivi:

"weka_oda: Huandika oda mpya baada ya mteja kuthibitisha jina la kanga, idadi na mahali pa kupeleka. Usiitumie mteja anapouliza bei tu.
idadi_doti: namba kamili. Doti moja ni vipande viwili. Mteja akisema 'kanga 20' bila kutaja doti wala kipande, muulize kwanza.
muda_wa_kupeleka: tarehe na saa kwa mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki. Saa nne asubuhi ni 10:00, saa nne usiku ni 22:00. Asipotaja asubuhi wala usiku, muulize."

Ona "idadi" ilivyogeuka "idadi_doti". Neno hilo moja linamkumbusha wakala kipimo kila anapojaza. Na hili la saa naomba ulishike sana, maana nimeliona kwenye miadi, kwenye tiketi, kila mahali mteja anapoandika Kiswahili na mfumo unasubiri saa za kizungu. Usimwachie wakala abuni.

Sasa tafuta na pata_data. Kwa majina hayo tu, hata mimi niliyezoea kazi hii sijui ipi inafanya nini. Niliwahi kufanya kazi na kampuni moja ya mizigo hapa jijini iliyokuwa na angalia_mzigo na fuatilia_mzigo. Nilipoteza siku mbili nikibadilisha modeli, na kila modeli ilibahatisha. Tulipoziunganisha zikawa zana moja, kubahatisha kukaisha. Zako nadhani zina kazi mbili tofauti, basi ziite tafuta_kanga_kwa_jina na angalia_stoo, na ueleze kwamba jina ni yale maandishi ya kwenye kanga. Wateja wengi watasema "ile nyekundu ya maua". Wakala aelezwe kwamba zana haitafuti kwa rangi, aombe jina au picha.

Majibu ya makosa nayo ni maelezo. "Kosa 400" halimsaidii. Zana ijibu: "Stoo zimebaki doti 12. Muulize mteja kama atachukua hizo."

Maelezo marefu yana gharama, kwa sababu modeli huyasoma kila mara, lakini sentensi nne tano kwa zana ni bei ndogo kuliko kumlipa bodaboda arudi Mbagala na doti 10 zilizobaki.

Jioni mkifunga duka, keti na mjomba na simu yake. Chagueni meseji 20 za kweli za wateja, umsomee moja moja, uandike kila swali ambalo yeye angemuuliza mteja kabla ya kufunga mzigo. Maswali hayo yaingize kwenye maelezo, kisha mpe wakala meseji zile zile na uangalie amechagua zana ipi na amejaza nini. Rekebisha sentensi moja kwa wakati, ujue ipi imesaidia. Zitakazoendelea kumshinda, nitumie.