Kabla hujalipia hiyo seti, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Hapa Moshi hatujambo, baba yako anakusalimu. Umeniuliza kama uinunue sasa ile seti ya hudi, yaani sweta yenye kofia, na suruali ya kushindia uliyoiona mtandaoni, iliyokatwa kutoka shilingi 90,000 hadi 45,000, au usubiri ofa za Novemba. Habari ya mwezi nitaifikia. Ninachotaka kujua kwanza ni kitambaa, kwa sababu msimamo wangu unaujua: bei ya nguo ni ile iliyofika mlangoni.

Hiyo 90,000 iliyopigwa mstari usiihesabu. Hifadhi picha ya seti, uitafute kwa picha kwenye Google. Mara nyingi utaikuta picha hiyohiyo kwa wauzaji watano, kila mmoja na bei yake, kwa kuwa wote wameichukua kwa mwenye kiwanda. Hapo ndipo utaona kama 45,000 ni punguzo au ndiyo bei yake ya kila siku.

Kisha muulize muuzaji uzito wa kitambaa, yaani gramu kwa mita moja ya mraba, wanaandika GSM. Tisheti ya 140 hadi 160 ni nyepesi, ya 180 hadi 200 inakaa. Hudi ya baridi ya Arusha isipungue 280. Kama hajui GSM, mwambie aiweke hudi kwenye mizani: saizi M yenye gramu chini ya 400 haitakufaa mwezi wa saba. Mwombe pia video, nguo imegeuzwa nje ndani, mkono wake ukiwa nyuma ya kitambaa. Vidole vikionekana, achana nayo. Ndani kukiwa na manyoya inatia joto zaidi, lakini manyoya hayo hutoka kwenye kufua. Yenye vitanzi vidogo hudumu na haikuchemshi mchana. Uliza na mchanganyiko. Pamba ikichanganywa na polyesta hutoa vidonge vya nyuzi pale kwapani na mapajani, na havianguki, kwa sababu uzi wa polyesta ni mgumu na unavishikilia. Pamba tupu nayo hutoa, ila vyake hudondoka. Shida ya pamba tupu ni kurudi: hesabu asilimia 5 kwenye kufua kwa kwanza, kwa hiyo urefu wa sentimita 70 unakuwa 66 na nusu.

Na hapo kwenye vipimo ndipo ninapoikumbuka Krismasi ile ya Marangu, shangazi yako alipoagizia ukoo mzima pijama nyekundu. Kwenye picha kitambaa kizito, cha kulalia mtu kwenye baridi ya kule juu. Zilizokuja zilikuwa polyesta ya kung'aa, nyembamba, na ya Bibi mikono ikaishia chini kidogo ya kiwiko. Muuzaji alipoandikiwa akajibu mara moja tu, kisha akaifungia namba ya shangazi. Bibi akaivaa vilevile, juu ya gauni lake la kulalia, akapiga picha na kila mtu, na kila aliyeingia akaambiwa, "Mwanangu kaniletea." Sijui kama shangazi yako alilala usiku ule. Mimi mpaka leo jambo hilo linanichoma. Picha zilikuwa kumi na mbili pale kwenye tangazo, na kipimo cha sentimita hakikuwepo hata kimoja.

Kwa hiyo herufi ya saizi isikudanganye. L ya kiwanda kimoja ni M ya kingine. Tandaza mezani sweta yako inayokukaa vizuri, pima kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili, pima na urefu wa mkono kuanzia mshono wa bega. Linganisha na jedwali la muuzaji, na umuulize vipimo vyake ni vya nguo au vya mwili. Ukichanganya hivyo viwili, hudi inakuja kama ya mdogo wako.

Sasa gharama za kufika mlangoni. Ukinunua Kariakoo, ongeza makato ya kutuma hela, nauli ya kifurushi kwenye basi, na bodaboda ya kutoka stendi. Kifurushi kimoja cha nguo tatu kina nafuu kuliko vitatu vya nguo mojamoja, kwa hiyo ungana na dada yako. Ukiagiza nje, hesabu inabadilika kabisa. Tuseme nguo 45,000, usafiri 20,000, ushuru asilimia 35: umefika 87,750. VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla hiyo, 15,795, unakuwa 103,545. Wakala wengine wa mizigo hukutajia bei ya kilo iliyokwishabeba ushuru, uliza, usidhani. Kwa ndege, wengi huangalia pia ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 20 linalipiwa kilo 4.8 hata kama ndani kuna hudi mbili. Waambie watoe boksi, wafunge kwenye mfuko na kuondoa hewa.

Utasema, si bora niende Memorial, soko la mitumba, nikashike kitambaa kwa mkono? Ni kweli, na kwa tisheti na sweta mojamoja bado nasema nenda Memorial. Ila seti ya rangi moja juu na chini, saizi yako, mpira wa kiuno haujalegea, hiyo ya mtumba utaizungukia mabanda mchana kutwa. Hapo mtandao una haki yake, nakubali.

Kuhusu Novemba: ofa zipo, lakini ndipo wengine wanapopandisha kwanza halafu wanakata. Piga picha ya skrini ya bei leo ili uwe na cha kulinganisha. Nguo nzito za nje mimi ningezitazama Januari na Februari, Ulaya na Marekani wanapomaliza stoku ya baridi. Hata mzigo ukija kwa meli, Juni inaukuta kabatini. Usinunue kitu cha tatu usichokitaka ili tu upate usafiri wa bure.

Mdomo unaniwasha kukuambia uiache. Hela ni yako, na sijaiona nguo, kwa hiyo sisemi. Bei ya nguo ni ile iliyofika mlangoni, hiyo nasema. Pima ile sweta yako ya bluu jioni hii, unitumie namba pamoja na jedwali lake, na hiyo video akikutumia niangalie mshono wa kwapani.

Mama yako