Karakana ya Uani: Dalek wa Plaiwudi na Maswali Yenu

Tangu nilipoeleza katika safu hii kwamba ninajenga Dalek uani kwangu hapa Tabora, maswali yamekuwa mengi kuliko nilivyotarajia, na mengine yamenikuta bado nina vumbi la randa kwenye nyusi. Kwa wasiomfahamu, Dalek ni adui mkuu katika Doctor Who, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi ambayo BBC ya Uingereza ilianza kuirusha tarehe 23 Novemba 1963. Katika hadithi, ndani ya Dalek mna kiumbe dhaifu asiyeweza kuishi nje ya kasha lake la chuma, na kasha hilo ndilo tunalolijenga: limepanuka chini kama sketi, lina mabonge ya nusu mpira ubavuni, kuba linalozunguka juu, jicho moja kwenye ncha ya ufito, na mkono unaoishia kwenye mpira wa kuzibulia sinki. Mpira huo si mfano wangu wa kuchekesha, ndivyo ulivyokuwa.

Shikamoo, mzee. Ninaanza kazi ya Dalek mwezi ujao. Je, nikitumia mninga badala ya plaiwudi, hatadumu zaidi? (Seremala, Urambo)

Marahaba, mwanangu. Mninga uache uwe kitanda. Najua ni vigumu kwa mtu aliyekulia Unyamwezini kukubali kwamba ipo kazi ya mbao isiyostahili mninga, lakini Dalek husukumwa kwa miguu ya mtu aliyeketi ndani yake, na kila kilo utakayoiongeza italipwa na magoti ya mtu huyo.

Fikiria walivyofanya wenyewe. Makasha ya kwanza yalibuniwa na Raymond Cusick, msanifu wa BBC, yakatengenezwa na karakana ya Shawcraft iliyokuwa Uxbridge, magharibi mwa London. Yalikuwa manne tu, na yalijengwa kwa ajili ya hadithi moja ya sehemu saba. Hakuna aliyeyajenga akiwaza miaka hamsini. Kwenye kioo cha televisheni yalionekana kama chuma kizito; karakanani yalikuwa vitu vyepesi vilivyopakwa rangi kwa ustadi. Kwa hiyo, kabla hujanunua hata msumari, amua kama unaiga kile ambacho kamera ilikionyesha au kile ambacho fundi alikishika mkononi, kwa maana maswali karibu yote yaliyonifikia yanarudi hapo. Mimi nimeamua kumfuata fundi. Fremu yangu ni ya paina, sakafu ni plaiwudi ya milimita 12, na ngozi ya sketi ni hadibodi nyembamba ya dari, ambayo hujikunja kidogo bila kulalamika.

Vipimo sahihi vya Dalek vinapatikana wapi? Picha ninazoziona hazilingani. (Mwalimu wa ufundi, Nzega)

Mwalimu, umegusa jambo ambalo limenikosesha usingizi, na nitakujibu kwa kirefu.

Picha hazilingani kwa sababu Dalek wenyewe hawalingani. Tamthilia hiyo ya awali iliendelea hadi mwaka 1989, na katika miaka yote hiyo makasha ya zamani yalikarabatiwa, yakapakwa rangi upya, na mabega ya moja yakafungwa juu ya sketi ya jingine kulingana na kilichokuwapo stoo. Anayekuambia kwamba anavyo vipimo vya Dalek, bila kukutajia ni Dalek wa hadithi ipi, amekupa vipimo vya mchanganyiko wake mwenyewe. Chagua hadithi moja, kusanya picha za hadithi hiyo peke yake, kisha zikatae nyingine zote hata kama ni nzuri zaidi.

Michoro ya kujijengea ilikwisha kutolewa zamani: mwaka 1973, tamthilia ilipotimiza miaka 10, gazeti la Radio Times lilitoa toleo maalumu lililokuwa na maelekezo ya kujenga Dalek nyumbani. Yalirahisishwa ili baba mwenye msumeno mmoja aweze kuyafuata, kwa hiyo yanafaa kwa kujifunzia umbo kuliko kupatia kila pembe. Kama unataka kupima kutoka kwenye picha, tumia yale mabonge ya ubavuni kama rula yako, kwa kuwa kipenyo chake ni takriban inchi 4. Pima bonge kwenye picha, pima urefu unaoutaka, kisha fanya hesabu ya uwiano ambayo wanafunzi wako wanaifanya kila wiki. Sharti ni moja, nalo wengi hulisahau: picha iwe imepigwa kutoka mbali na kamera iwe usawa wa kiuno cha Dalek. Picha ya karibu huvimbisha kilicho mbele na kukifinya kilicho nyuma. Mimi nilikwisha kukata paneli tatu za hadibodi kwa kuiamini picha ya namna hiyo, na paneli hizo sasa ni mlango wa banda la kuku.

Nimehesabu mabonge 56. Nitayapata wapi mabonge 56 yanayofanana? (Binti wa kidato cha nne, Tabora mjini)

Umehesabu vizuri, mwanangu: ni safu 14 zenye mabonge manne kila moja. Njia ya haraka ni kununua maboya ya plastiki ya matangi ya maji katika maduka ya vifaa vya ujenzi na kuyapasua katikati, ambapo maboya 28 yatakutosha, ila bei yake itakufanya ufikirie upya mapenzi yako kwa Dalek. Wapo walionishauri vibuyu vidogo. Nilivijaribu kwa heshima ya washauri, lakini hakuna vibuyu viwili duniani vilivyokubaliana ukubwa, na ubavuni mwa Dalek macho huona kasoro hiyo hata kutoka ng'ambo ya barabara.

Ninayoipendekeza ni karatasi. Nenda kwa fundi anayekereza miguu ya vitanda, umwombe akukerezee nusu mpira nne za mbao zenye kipenyo kinachopungua kidogo kuliko inchi 4, kwa kuwa unene wa karatasi utaongeza kilichobaki. Zipake nta ya nyuki, ambayo katika mkoa wetu haijawahi kuwa adimu, ili karatasi isigande kwenye mbao. Nta uiyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke moja kwa moja juu ya jiko. Huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 63, kwa hiyo maji yanatosha kabisa, na ikichemka juu ya makaa inaweza kushika moto. Kisha bandika vipande vidogo vya magazeti, tabaka kwa tabaka, mpaka yafike manane. Uji wa unga wa ngano unabandika vizuri, lakini panya wa Tabora wanaujua. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji ni salama zaidi.

Wakati wa kiangazi bonge moja hukauka kwa siku moja likiwa juani. Ukiwa na kalibu nne, siku 14 zinakumalizia kazi yote, na hapo utakuwa umetumia pesa kidogo kuliko bei ya maboya sita. Piga msasa, paka rangi ya msingi mara mbili, na hakuna atakayejua.

Barabara ya mtaani kwetu ni mchanga na mawe. Dalek atatembeaje? (Msomaji, Ujiji)

Tatizo lako ndilo lililowapata wao. Katika hadithi ya kwanza Dalek walitembea juu ya magurudumu madogo kama ya kiti cha ofisi, na hawakuona taabu kwa sababu kila kitu kilipigwa picha ndani ya studio za Lime Grove, kwenye sakafu laini. Hadithi ya pili, ya mwaka 1964, iliwatoa nje hadi kwenye mitaa ya London, na magurudumu yale hayakufaa. Msanifu Spencer Chapman akayajenga makasha juu ya baiskeli ndogo za magurudumu matatu, akatanua ukingo wa chini ili magurudumu makubwa yasionekane. Hata hivyo mawe ya barabarani yaliwafanya Dalek watetemeke na kugongagonga, na mlio huo haukuweza kuondolewa kwenye sauti ya filamu.

Kuna kitu kingine walichokiongeza hapo ambacho nakipenda sana. Hadithi ya kwanza ilikuwa imeshawaambia watazamaji kwamba Dalek hupata nguvu kutoka kwenye sakafu ya mji wao, kwa hiyo walipotoka nje walifungiwa kisahani mgongoni kueleza nguvu hiyo sasa inatoka wapi. Ukijenga Dalek wa barabarani bila kisahani, umechanganya miaka. Kwa Ujiji, tafuta baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu iliyochakaa, fremu ikiwa nzima, na uikague njia kabla ya onyesho.

Sauti yake ya kukwaruza inatengenezwaje, na taa za kichwani zinawakaje kwa kufuata maneno? (Fundi redio, Kasulu)

Aliyekuwa ndani ya kasha hakuwa mwenye sauti. Waigizaji wa sauti, Peter Hawkins na David Graham katika miaka ya mwanzo, walisema kando kwenye maikrofoni, na sauti yao ikapitishwa katika kifaa kinachozidisha wimbi la sauti kwa wimbi jingine la chini sana, takriban mizunguko 30 kwa sekunde. Hicho ndicho kinachoikata sauti vipande vipande. Wewe fundi redio unaweza kukiunda kwa transfoma mbili ndogo na daiodi nne. Asiye fundi atumie kompyuta na programu ya bure ya Audacity, achague kitetemeshi cha sauti akiweke kwenye mizunguko hiyo 30, naye atakaribia.

Lakini kifaa hakimsaidii anayesoma kwa uvivu. Hawkins na Graham walitamka kila silabi peke yake, na hapo ndipo Kiswahili kinapotupendelea, kwa kuwa silabi zetu zimeshajitenga zenyewe: jaribu kusema "a-nga-mi-za" kwa sauti isiyopanda wala kushuka, uone watoto wanavyokimbia.

Kuhusu taa, mtu wa ndani alikuwa na swichi, na alilazimika kuyakariri maneno ya mwenzake ili aziwashe kwa wakati. Mimi nimetumia taa mbili za indiketa za pikipiki zenye vioo vyeupe, betri ya volti 12, na kitufe cha kengele ya mlangoni kilichofungwa karibu na kidole gumba. Flasha ya pikipiki usiiweke, kwa maana itawaka kwa mdundo wake badala ya mdundo wa maneno.

Rangi yake halisi ni ipi? (Msomaji, Sikonge)

Wa mwaka 1963 walikuwa wa rangi ya fedha wenye mabonge ya buluu, ingawa watazamaji wa nyumbani waliwaona kijivu mtupu, kwani tamthilia hiyo haikuanza kuonyeshwa kwa rangi hadi Januari 1970. Ukitaka kuwapaka kijivu sitakulaumu, umeichagua kamera.

Mwanangu wa miaka kumi anataka kukaa ndani. Nimruhusu? (Mzazi, Kigoma)

Mruhusu, mama, kwa masharti. Kasha lililofungwa pande zote katika joto la Oktoba ni tanuri, kwa hiyo funga feni ndogo ya kompyuta chini ya kuba, na usimwache ndani zaidi ya dakika kumi. Shingo ya Dalek ina pete zilizozungukwa na wavu; wavu huo ndio dirisha la mwendeshaji na ndio pumzi yake, usiuzibe kwa kitambaa kinene. Rangi na gundi ziwe zimekauka kabisa. Zaidi ya yote, sehemu ya juu isifungwe kwa komeo ambalo mtoto hawezi kulifungua akiwa ndani.

Naweza kuwauza? (Mfanyabiashara, Tabora mjini)

Kumjenga kwa ajili ya uani kwako ni jambo moja, kumgeuza bidhaa ni jingine. Haki za Dalek ziko kati ya BBC na warithi wa Terry Nation, aliyeandika hadithi ile ya kwanza, na sisi tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayolinda kazi za namna hiyo. Omba ruhusa kwa maandishi, au uza ufundi wako kwa kujenga kiumbe ulichokibuni mwenyewe. Nitaongeza kwa uchungu kidogo kwamba Cusick, ambaye umbo lilitoka kichwani mwake, alikuwa mwajiriwa wa mshahara na hakupata mrabaha.

Na Dalek wako mwenyewe, mzee, amefikia wapi? (Jirani)

Jirani, wewe umesikia msumeno usiku na unajua vizuri. Makasha ya BBC yalikuwa na sehemu mbili: mabega na kichwa huinuliwa, mtu anaingia, kisha hufunikwa tena. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari, nikalisahau, nikaunganisha mabega na sketi kwa gundi na skrubu ndani ya banda la kazi ambalo mlango wake una upana wa sentimita 75. Hakutoka kwa ubavu wala kwa kulazwa. Juzi nimemkata kiunoni kuzunguka pande zote, nikapoteza milimita tatu za plaiwudi kwa unene wa msumeno, na sasa nimeweka ukanda wa hadibodi kuziba pengo. Gundi ikikauka nitatoboa matundu manne ya boliti, halafu nitahitaji mtu wa kushika upande wa pili tukimtoa uani. Kama una nafasi Jumamosi asubuhi, njoo.