Safari ya Nyumbani Ipange Kabla Simu Haijalia

Baba aliniuliza mara tatu kwenye simu, "Mama, unakuja lini?" Kwetu Kondoa, Tanzania, baba humwita binti yake mama, na alipoanza kuumwa alizidi kuniita hivyo. Mara zote tatu nilimjibu kwamba nashughulikia. Kweli nilikuwa nashughulikia, na nauli nilikuwa nayo. Kilichonizuia ni karatasi.

Niko Ujerumani mwaka wa saba sasa, muuguzi katika nyumba ya wazee. Mwaka ule kibali changu cha ukaazi kilikuwa kinaisha mwezi wa sita, nikajiambia nitaomba kipya nikimaliza zamu za usiku. Nilipopeleka maombi, kibali kilikuwa kimekwisha siku tisa zilizopita. Ofisi ikanipa karatasi ya kusubiria, ile ambayo Wajerumani wanaiita Fiktionsbescheinigung, nami nikaikunja nikaitia kwenye pochi bila kuisoma.

Tafadhali, wewe yako isome. Ndani ina visanduku vitatu, na afisa huweka alama kwenye kimojawapo. Ukiomba kabla kibali hakijaisha, alama huwekwa kwenye kisanduku kinachotaja kifungu cha 81, aya ya 4, cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani. Maana yake kibali chako cha zamani kinahesabika bado ki hai, na unaweza kutoka nchini na kurudi ukiwa na karatasi hiyo, pasi yako na kile kibali cha zamani. Visanduku vile vingine viwili vinakulinda ukiwa ndani ya Ujerumani tu. Ukitoka, kurudi ni mpaka ukaombe viza upya. Alama yangu haikuwa kwenye aya ya 4.

Baba alilazwa wiki mbili. Alipofariki, alizikwa siku ileile baada ya swala ya alasiri, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za kazini na sare yangu, kaka yangu kaiinua simu juu ya vichwa vya watu ili nione kaburi. Picha ilikuwa inakatika. Nilichokiona vizuri ni mikono ya watu wakitupia udongo. Kibali kikatoka baada ya wiki tatu, nikaiwahi arobaini.

Mazishi nisingeyawahi hata kama ningekuwa na kibali mkononi, maana hakuna ndege inayoshindana na mazishi ya siku moja. Ila zile wiki mbili za hospitali ningezipata. Ndiyo maana ndugu yangu unayeishi mbali nakuambia: safari ya dharura inaandaliwa wakati hakuna anayeumwa.

Anza na pasi. Watu wengi hawajui kwamba ofisi za huku kwa kawaida haziandiki kibali kinachopita muda wa pasi, kwa hiyo pasi ikibaki na mwaka mmoja, na kibali utapewa cha mwaka mmoja. Ubalozi wetu uko Berlin, na kama unaishi kusini, hiyo ni safari ya siku nzima. Usiiache mpaka wiki ya mwisho. Maombi ya kibali mimi sasa napeleka miezi mitatu kabla. Jibu likichelewa, angalau karatasi ya kusubiria itakuwa na alama mahali pake. Kuna jambo jingine la wale wanaokwenda kuuguza mzazi kwa muda mrefu: kwa vibali vingi, ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita kibali kinakufa chenyewe. Ukiona ugonjwa unarefuka, iombe ofisi muda zaidi kabla miezi sita haijatimia.

Pesa ya nauli ya dharura iweke kwenye akaunti yake peke yake, usiichanganye na ya kutuma nyumbani wala ya kodi ya pango. Tiketi ya kuondoka kesho ni ghali mno. Yangu ya arobaini, niliyoikata zikiwa zimebaki siku nne, ilinigharimu zaidi ya yuro 1,000. Na siku za likizo usizimalize zote majira ya joto. Mimi huacha kumi mpaka Novemba. Wenzangu kazini wananiona mgumu, lakini hawana mama aliyeko umbali wa ndege mbili na basi.

Kwa safari za humu ndani nategemea Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi, Januari 2025 ikawa 58, na mwaka 2026 imefika 63. Inakubalika kwenye mabasi ya mjini, tramu na treni za mikoani nchi nzima. Kwenye treni za kasi, ICE na IC, haikubaliki, na kondakta akikukuta umo na tiketi hiyo pekee utalipa faini. Ni ya kujisajili mwezi kwa mwezi, hivyo kama unakwenda nyumbani kwa mwezi mzima, isitishe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaotangulia. Na siku ya kwenda Frankfurt kupanda ndege, panda treni inayoitangulia kwa saa tatu ile unayodhani inatosha. Treni za huku zinachelewa kuliko sifa zake, na kusubiri uwanjani na chai mkononi hakujamuumiza mtu.

Ndege nayo ikichelewa, haki zako zijue. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, ndege yoyote inayoondokea Ulaya, hata ya shirika la Afrika au Uarabuni, ikikufikisha Dar umechelewa saa nne au zaidi kwa kosa la shirika, unadai yuro 600. Hali mbaya ya hewa haihesabiki. Kutoka Dar kurudi, haki hiyo unayo tu ukipanda shirika la Ulaya. Tunza kipande cha tiketi cha kuingilia ndegeni, na dai mwenyewe kwa shirika, bila kumlipa wakala asilimia.

Kadi ya homa ya manjano iweke ndani ya pasi. Ukipitia Addis Ababa au Nairobi na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12, Tanzania wanaidai. Chanjo ni moja tu ya maisha, hivyo ukishachanja jambo limekwisha.

Zamani nikishuka Dar nilikuwa nalala kwa shangazi, kesho yake alfajiri nakwenda stendi, na basi la Dodoma linanila siku nzima. Tangu Julai 2024 kuna treni ya SGR mpaka Dodoma, mwendo wa saa tatu na nusu hivi au nne, na wazee waliozoea kutapika kwenye basi sasa wanasafiri wakipiga soga. Kutoka Dodoma mpaka Kondoa ni kama kilomita 160, lami tupu.

Wakati wa kurudi, mama hufunga mizigo yeye mwenyewe, na hapa tulijifunza kwa machozi. Mwaka mmoja forodhani walinitoa embe kumi na mbili za uani kwetu, wakazitia kwenye pipa mbele ya macho yangu. Matunda ya kuingia Ulaya bila cheti cha afya ya mimea ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Nyama na maziwa usithubutu, hata samli. Asali ya matumizi yako wanakubali isiyozidi kilo mbili.

Siku hizi mama ana mizani. Anajaza asali chupa mbili, anazifunga kwa kanga kuukuu, anazipima mara mbili. Embe ananimenyea asubuhi ya safari, tunazila uani tukisubiri bajaji, mimi na yeye.