Kijana wa uchambuzi wa sera, umechambua nini?

Kila tunapotangaza nafasi ya mchambuzi wa sera anayeanza kazi, huwa nimo kwenye kupitia maombi. Wasifu unafanana hadi unachosha: shahada ya uchumi au ya utawala wa umma, semina lukuki, vyeti vya kushiriki, kisha ule mstari usiokosekana, "nina uwezo mkubwa wa uchambuzi." Sawa. Umechambua nini?

Chagua eneo moja la sera, soma nyaraka zake zenyewe badala ya habari zilizoandikwa kuzihusu, halafu andika kurasa mbili. Huhitaji kuajiriwa kwanza. Hotuba za bajeti, vitabu vya makadirio, Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) na ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, vinapatikana mtandaoni bure, na ajabu ni kwamba wanaovifungua ni wachache.

Chukua elimu. Mtu anafungua Fungu 46, yaani sehemu ya bajeti iliyotengewa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, anachukua jumla yake na kuandika kuwa hiyo ndiyo bajeti ya elimu ya Tanzania. Siyo. Mishahara ya walimu wa shule za msingi na sekondari za serikali haimo humo. Shule hizo ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo fedha yake uitafute kwenye mafungu ya mikoa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Na ndani ya Fungu 46 lenyewe, upande wa maendeleo, sehemu kubwa ni mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Itoe mikopo hiyo uone kinachobaki. Aliyedhani zile zote ni fedha za madarasa na maabara atashtuka. Bado hujafika kwenye tofauti ya kilichoidhinishwa na Bunge na kilichotolewa na Hazina, ambako ndiko hadithi yenyewe iliko. Mwombaji akinieleza haya kwenye usaili bila kubabaika, GPA yake nitaiangalia baadaye sana.

Kuhusu ujuzi: Stata na R, programu za kuchambua takwimu, ni vizuri kuzijua, ila miezi ya mwanzo utashinda kwenye Ekseli, ukisafisha majedwali ya NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yaliyokuja kwa PDF. Kinachopuuzwa zaidi ni Kiswahili cha kazi. Bunge letu linajadili kwa Kiswahili, na tangu 2021 sheria ya nchi inakitambua kuwa lugha ya sheria, lakini vijana wananiletea maandiko ambayo mjumbe wa kamati atayaweka pembeni kabla hajamaliza aya ya kwanza. Ukiweza kueleza nakisi ya bajeti (matumizi yanapozidi mapato) kwa Kiswahili kinachosomeka, andika hivyo kwenye wasifu wako, tena juu kabisa.

Kwenye mafanikio ndipo wengi wanapojipalia makaa. Tozo za miamala ya simu zilianza kukatwa Julai 15, 2021, na Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Tangu hapo nimekutana na waombaji kadhaa "waliochangia kupunguzwa kwa tozo." Jamani, nchi nzima ilipiga kelele! Andika kilichotoka mkononi mwako: "Niliandaa jedwali la makato kwa anayetuma shilingi 10,000 na anayetuma 100,000, likaingia kwenye maoni ya asasi yetu kwa Kamati ya Bunge." Ni dogo, lakini naweza kukuuliza maswali kumi juu yake na ukayajibu yote.

Ambatanisha na lile andiko lako la kurasa mbili, hata kama tangazo halikuomba. Na kwa wadhamini, mweke aliyewahi kukusahihishia rasimu: mhadhiri msaidizi, afisa mipango wa halmashauri ulikofanyia mafunzo kwa vitendo, yeyote aliyekurudishia kazi imejaa wino mwekundu. Mheshimiwa uliyepiga naye picha kwenye kongamano mwache, nikimpigia simu atauliza, "Nani huyo?"