Ukialikwa kuongea na watoto wa shule, nenda na chupa

Mara ya kwanza kualikwa kuzungumza na darasa la sita, katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Moshi, chini ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, nilibeba projekta. Nikawaonyesha grafu za hewa ukaa na ramani ya dunia iliyojaa rangi nyekundu. Watoto walinyamaza kwa adabu. Mwishoni msichana wa dawati la nyuma akasimama. "Shikamoo. Barafu ya Kibo ikiisha, tutakunywa maji gani?"

Nikajibu upesi kwamba mito itakauka. Jibu lile nalijutia mpaka leo, maana nilimpa mtoto hofu isiyo yake. Barafu inaisha kweli: kati ya 1912 na 2007 ilipungua kwa takriban asilimia 85 ya eneo lake. Lakini chemchemi na mito ya mlima huu hulishwa hasa na mvua inayonyesha msituni, na ukungu unaonaswa na miti ya juu. Mchango wa barafu ni mdogo sana. Kwa mtoto ambaye mfongo, yaani mfereji wa kienyeji wa maji, unapita kihambani kwao, kwenye shamba la nyumbani, habari ya kumpa ni ya msitu. Moto ukiunguza miti ile, hakuna tena cha kuunasa ukungu. Kwa hiyo ndugu mtaalamu, kama huna hakika, mwambie mtoto utarudi na jibu, kisha urudi kweli.

Siku hizi naanza na mlima wenyewe. Tunatoka nje asubuhi, kabla Kibo haijajifunika mawingu, tunapima joto kivulini. Siku moja tulipata nyuzi 25. Nikawaambia kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi kama 6, na kilele kiko karibu mita 5,000 juu yetu. Wakapiga hesabu kwa kijiti mchangani: 25 toa 30. Walipofika hasi 5, kelele zile ungezisikia barabarani! Walikuwa wameipata barafu kwa hesabu yao wenyewe.

Halafu chupa, ya kupimia mvua. Chukua ya maji ya lita moja na nusu, isiyobonyea ubavuni, ukate sehemu ya juu, uigeuze ikae kama faneli. Chini tia kokoto, kisha maji hadi pale chupa inaponyooka, maana kitako chake kina mabonde. Hapo ndipo weka alama ya sifuri, ubandike rula. Iweke mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Waeleze kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Watoto wa wakulima wanalielewa hilo kuliko grafu yoyote.

Muachie mwalimu chupa na daftari, na muahidi tarehe ya kurudi. Mimi nilirudi masika yalipokwisha. Kurasa nyingine zilikuwa tupu, nikadhani wamechoka. Kiranja akanisahihisha: "Hapa tumeandika sifuri, mvua haikunyesha. Hapa patupu ilikuwa Jumapili, hatukupima." Nina wenzangu wenye shahada ambao bado wanavichanganya vitu hivyo viwili.

Tumeshakubaliana na mwalimu: vuli hii funguo za geti zitakaa kwa mtoto anayeishi jirani na shule, ili na Jumapili ipimwe.