Wewe unayeanza kazi ya takwimu, soma swali kabla ya jibu

Kila mwaka tunapokea vijana wa atachimenti, wanafunzi wa mazoezi ya kazi, ofisini, na kazi ya kwanza wanayopewa ni ileile: chukua takwimu za makabila, lugha na dini kutoka ripoti za sensa za Kenya, zipange kwenye jedwali moja. Inaonekana nyepesi. Saa nane mchana mtu ameshamaliza, anauliza kama anaweza kushuka kununua chapati na madondo. Namwomba kwanza anionyeshe jedwali, na chapati zinapoa.

Kosa lao nalijua kwa sababu nililifanya mimi. Nilipoanza kazi hapa mjini nilipewa ripoti ya 1969 na ya 1979 nizilinganishe. Katika ile ya 1969 nikawakuta Wakipsigis 471,459 na Wanandi 261,969, kila jina na mstari wake. Nikaenda kwenye ile ya 1979 kuyatafuta majina hayo, sikuyaona. Nikakuta Wakalenjin 1,652,243. Basi nikaandika bila haya kwamba jamii mpya kubwa imejitokeza nchini. Mkubwa wangu alinirudishia karatasi ikiwa na maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Kutoka wapi?" Hakuna aliyetoka popote. Wakipsigis, Wanandi, Watugen na ndugu zao walihesabiwa mbalimbali, kisha miaka kumi baadaye wakatiwa kapu moja. Watu walikuwa walewale.

Kwa hiyo unapoona idadi imeruka au imeporomoka, chungulia kapu kabla ya kuwatafuta watu. Dini ndiyo itakayokutega zaidi. Sensa ya 2009 iliandika Waprotestanti milioni 18.3. Ile ya 2019 ikaandika milioni 15.8, ilhali nchi nzima ilikuwa imetoka watu milioni 38.6 hadi 47.6. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea grafu ya mshale unaoteremka, juu yake kichwa cha habari kabisa: Waprotestanti wakimbia makanisa. Nikamwambia afungue fomu zote mbili. Ya 2009 ilikuwa na Mkatoliki, Mprotestanti na "Mkristo mwingine". Ya 2019 iliongeza visanduku: makanisa ya kiinjili, ambayo yalizoa milioni 9.6, na makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika, milioni 3.3. Muumini hakuhama hata benchi. Jumapili ile alikaa palepale, ila karani wa sensa alikuja na orodha ndefu zaidi.

Na ukipiga asilimia za dini za 2019, gawanya kwa jumla ya jedwali lenyewe, 47,213,282. Usigawanye kwa 47,564,296, idadi ya nchi nzima. Tofauti ni ndogo, lakini mhariri makini ataiona, nawe utashinda ukijieleza.

Sasa lugha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hata wakubwa wanapoteleza. Fomu zetu huuliza kabila, haziulizi lugha. Ukisoma mahali kwamba Kikuyu kina wasemaji 8,148,668 kwa mujibu wa sensa ya 2019, jua mtu amekopi safu ya kabila akabandika juu yake neno "wasemaji". Hao ni watu walioandikwa kuwa Wakikuyu. Wangapi kati yao wanaweza kumaliza sentensi kwa lugha hiyo bila kuchomeka Sheng, fomu haikuuliza. Watazame Wasuba kule Ziwa Victoria: 2019 waliandikwa 157,787, na wengi wao nyumbani husema Dholuo, lugha ya Wajaluo. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, ni hivyohivyo. Siku hizi wanasema Kimaa, lugha ya Wamaasai.

Somo hilo nililipata mlangoni kabla sijalipata kwenye karatasi. Agosti 2009 nilikuwa karani wa sensa Huruma, mtaa wa Nairobi, naongozana na mzee wa mtaa, ngazi baada ya ngazi, kuuliza nani alilala humo usiku wa kuamkia tarehe 25. Ghorofa ya tatu tukamkuta mama anakanda unga, mtoto kamshika leso. Maswali ya umri na kazi yalipita vizuri. Nilipofika kwenye kabila, akaacha kukanda.

"Baba yangu Mkamba, mama yangu Mtaita, mume wangu Mjaluo. Huyu utamwandika nani?"

Nikamjibu kwamba atakavyosema yeye ndivyo nitakavyoandika. Mzee wa mtaa akadakia, "Mtoto ni wa baba, andika Mjaluo." Yule mama akamtazama mzee, akanitazama mimi, mikono bado ina unga. "Andika Mkenya." Mtoto wakati huo ananiuliza kwa Sheng kama hiyo kalamu ninaweza kumwachia. Nikaandika Mkenya, na kalamu nikamwachia.

Matokeo yalipotoka, walioandikwa Wakenya tu, bila kabila, walikuwa 610,122. Msomi mmoja anaweza kuiita hiyo idadi ya waliochoshwa na ukabila, na huenda wengine ni kweli. Mimi kila nikiiona nasikia ubishi wa mlangoni. Dini nayo ni hivyo: mlango wa pili yake baba alijibu kwa niaba ya watu saba, wote akawaweka kanisa lake, na mkewe nyuma ya pazia akacheka kwa sauti.

Mengine nitayataja kwa haraka. Sensa ya kwanza kuhesabu Waafrika nchini ni ya 1948, watu milioni 5.4, za kabla yake zilihesabu Wazungu, Wahindi na Waarabu, na Waafrika wakakadiriwa kwa hesabu za kodi ya kibanda, kodi ambayo kila mwenye akili aliikwepa. Takwimu za makabila za 1999 hazikuchapishwa, kwa hiyo mtu akikupa jedwali lake "kamili" la mwaka huo, muulize alikolitoa. Hesabu za watu za 2009 katika wilaya nane za Mandera, Wajir, Lagdera na Turkana zilikataliwa na waziri wa mipango mwenyewe, Wycliffe Oparanya, kwa kuwa zilipanda kupita kiasi, na kesi zikafuata. Na usivuke mpaka wa Namanga na fomu yako kichwani: Tanzania iliuliza kabila na dini mara ya mwisho mwaka 1967. Ukisikia asilimia za dini za huko za miaka ya karibuni, ujue hazikutoka kwenye sensa.

Wiki ijayo nitawatuma Makavazi ya Kitaifa, pale Moi Avenue, mkatazame ripoti za zamani. Mkifika msianze na majedwali. Fungueni kurasa za nyuma, kwenye viambatisho, ambako mara nyingi huwekwa fomu yenyewe na maagizo waliyopewa makarani. Nakilini swali neno kwa neno, mliweke juu ya jedwali lenu, kisha ndipo mjaze namba. Chapati nitanunua mimi mkirudi.